Kufundisha Dansi Bila Kuumaliza Mwili: Mwongozo Kamili wa Kuonyesha Miondoko

Jioni moja nilimpa mwanafunzi karatasi na kalamu, nikamwomba akae pembeni anihesabie. Alikuwa ameteguka mguu na hachezi siku hiyo, nami nilikuwa na shaka yangu. Kipindi kilikuwa cha saa moja, na somo lilikuwa mruko mmoja wa kutua kwa mguu mmoja. Mwisho wa kipindi karatasi ilisema: mwalimu mara 34, wanafunzi wa mstari wa mbele mara 12. Na hicho kilikuwa kipindi cha kwanza kati ya vitatu. Mguu niliotulia ulikuwa ule ule wa kushoto, kila mara. Wiki chache baadaye kano ya kisigino cha kushoto ikaanza kukakamaa kila asubuhi, nikawa nashuka ngazi huku nimeshika ukuta.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mwalimu mzuri ni yule anayecheza pamoja na darasa tangu mwanzo hadi mwisho, jasho likimtoka kuliko wote. Siamini hivyo tena. Mwanafunzi anahitaji kuuona mwondoko vizuri, mara chache, kwa wakati unaofaa. Mara nyingine zote thelathini ni mazoea yetu tu, na pengine kidogo ni kupenda kutazamwa. Yafuatayo ni yale ninayoyafanya sasa, na yanafaa kwa anayefundisha dansi ya aina yoyote, iwe ya mtaani, ya kumbi, ya jadi au baleti.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya kubadilisha chochote

Chukua wiki moja ya kawaida na daftari dogo. Gawa ukurasa safu tatu: mara nilizocheza kamili, mara nilizogusia, mara nilizosema tu. Kugusia ndilo jina ninaloupa mchezo wa nguvu kidogo, pale unapoupitia mwondoko bila kuruka kwa kweli wala kushuka hadi chini.

Usihesabu kila kitu, utachoka siku ya pili. Hesabu vinavyogharimu: miruko, kupiga msamba, kushuka sakafuni na kuinuka, mateke ya juu, mizunguko ya mguu mmoja, kuinamia nyuma. Andika na upande. Ukimpata mwanafunzi wa kukuhesabia, bora zaidi, kwa sababu sisi wenyewe hujihurumia katika hesabu.

Utakachokiona ni kwamba mzigo wa mwalimu haufanani na wa mchezaji. Mchezaji hupasha mwili, hucheza mfululizo, humaliza. Mwalimu hucheza sekunde ishirini, husimama dakika nane akirekebisha mabega ya watu, kisha ghafla hurusha mguu usawa wa kichwa kwa misuli iliyokwisha kupoa. Huongea huku anaruka, kwa hiyo pumzi humtoka ovyo na misuli ya tumbo haikishiki kiuno inavyopaswa. Hugeuza shingo nyuma kulitazama darasa wakati mwili unakwenda mbele. Halafu huonyesha upande mmoja tu, ule anaoupenda, mwaka baada ya mwaka. Baridi, maneno na upande mmoja: mengi yanayotuumiza yamo humo.

Hatua ya 2: Pasha mwili wako peke yako

Mfinyanzi hulia gaeni. Tunawaambia wanafunzi wasiruke kabla ya kupasha mwili, kisha sisi tunaingia mbio kutoka njiani, tunaunganisha spika, na dakika ya tatu tunaonyesha. Wala usidhani kipindi cha kupasha mwili unachoendesha kinakutosha na wewe. Wakati ule macho yako yako kwa watu, unasahihisha, unasimama.

Fika dakika 15 kabla. Dakika tano za mwanzo tembea haraka, panda na kushuka ngazi, au cheza polepole hadi pumzi ibadilike na ngozi ipate joto. Tano za pili ni za viungo: zungusha vifundo vya miguu, pembeza mguu mbele na nyuma ukiongeza kimo kidogo kidogo, zungusha nyonga, pinda mgongo kushoto na kulia. Tano za mwisho ni za misuli itakayofanya kazi leo. Kama somo ni miruko, inua kisigino usimame kwa vidole mara kumi na tano kila mguu, kisha ruka miruko midogo kama kumi. Kama ni kiuno, washa makalio na tumbo.

Kunyoosha misuli na kuituliza hapo kwa dakika nzima au zaidi, kuache hadi mwisho wa kipindi. Kunyoosha kwa muda mrefu hivyo kabla tu ya kuruka hupunguza nguvu ya msuli kwa muda, nawe unaihitaji nguvu hiyo wakati wa kutua.

Kisha linda joto ulilolipata. Vaa suruali ya juu na soksi ndefu ukiwa umesimama, vua unapoonyesha. Sahihisha watu ukitembea kati yao, usisimame mahali pamoja. Kabla ya onyesho zito, jipe sekunde thelathini: inua visigino mara chache, kunja magoti mara chache. Hakuna mwanafunzi atakayelalamika.

Hatua ya 3: Panga maonyesho kamili matatu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kwa kila mwondoko mzito katika kipindi, mimi hujipa maonyesho kamili matatu, na kila moja lina sababu yake.

La kwanza ni la picha nzima. Washa muziki, nyamaza kabisa, cheza kwa kasi na nguvu halisi kama uko jukwaani. Usieleze chochote. Ukiongea hapa, nusu ya darasa itasikiliza badala ya kutazama, na wewe utacheza vibaya.

La pili ni la polepole, bila muziki, pamoja na maneno. Mruko haupunguzwi kasi hewani, kwa hiyo hapa unaonyesha mlango na kutoka kwake: namna ya kukunja goti kabla ya kupaa, namna vidole, unyayo na kisigino vinavyogusa sakafu kwa mpangilio wakati wa kutua. Onyesho hili ni jepesi kwa mwili na mara nyingi ndilo linalofundisha zaidi.

La tatu linasubiri. Waache wajaribu, waache wakosee, tafuta kosa ambalo wengi wanalo, kisha onyesha mara moja ukiwaambia watazame sehemu moja tu: "Tazameni goti langu la nyuma." Mtu aliyekwisha kujaribu huona asichokiona yule asiyejaribu. Mwaka 2005, mtafiti Beatriz Calvo-Merino na wenzake walipima ubongo wa wacheza baleti na wacheza capoeira, sanaa ya Brazili inayochanganya dansi na mapigano, waliokuwa wakitazama video za dansi zote mbili. Sehemu za ubongo zinazohusika na utendaji wa miondoko ziliamka zaidi kwa kila mmoja alipotazama dansi ambayo mwili wake uliijua. Ndiyo sababu siharakishi onyesho la tatu. Nikilitoa kabla hawajaonja mwondoko, nimelitupa bure.

Zaidi ya hayo matatu, gusia. Lakini kugusia nako kuna ufundi wake. Mruko uwe kuinua visigino kwa wakati ule ule wa mdundo. Mzunguko uonyeshwe kwa kidole kinachochora duara hewani huku kichwa kikigeuka kweli. Teke liishie usawa wa goti. Kushuka sakafuni kuishie nusu, mkono ukionyesha pa kuendelea. Vitu vitatu usivipunguze kamwe: mdundo, uelekeo na macho. Nilipoanza kugusia nililegeza kila kitu, na baada ya wiki mbili darasa zima lilikuwa na mikono iliyolegea kama nguo kwenye kamba. Walikuwa wanaiga walichokiona. Tangu hapo hutangaza: "Hapa nagusia, ninyi chezeni kamili." Kwa watoto nalisema kila mara, maana mtoto huiga hata namna unavyojikuna.

Kuhusu kusimama. Ukiwapa mgongo, wanakufuata kirahisi lakini shingo yako inaumia kwa kugeuka, na huwaoni. Tumia kioo kama kipo, macho yako yatazame humo. Ukiwakabili, cheza kinyume: wao kulia, wewe kushoto, kama kioo kilicho hai. Inahitaji mazoezi ya wiki kadhaa, lakini ina faida ya siri, kwa sababu inakulazimisha kuutumia ule upande wako mvivu. Na badilisha mistari katikati ya kipindi, wa nyuma waje mbele. Maombi mengi ya "Mwalimu, rudia tena" hutoka kwa watu ambao hawakuona, hata kama walielewa.

Upande nao uupangie ratiba. Wiki hii maonyesho yote yaanzie kulia, wiki ijayo kushoto. Andika juu ya ukurasa wa daftari, la sivyo mwili utakudanganya.

Hatua ya 4: Fundisha kwa mdomo na kwa mkono

Kuna mapokeo ya kale ambayo mwalimu hakai mbele akirukaruka. Katika Bharatanatyam, dansi ya kusini mwa India, mwalimu wa jadi aitwaye nattuvanar huketi chini, hugonga kipande cha mbao kwa kijiti, na hutamka silabi za mdundo kama *ta-ka-di-mi*. Miguu ya mwanafunzi hufuata sauti hiyo. Katika mchoro wa Edgar Degas wa mwaka 1874 wa darasa la baleti, Jules Perrot, aliyekuwa mchezaji mashuhuri enzi zake, amesimama katikati ya wasichana akiwa na miaka zaidi ya sitini, ameegemea fimbo ndefu. Hakuna anayemdai aruke.

Kwa hiyo tengeneza silabi zako. Nambari moja hadi nane husema lini, lakini hazisemi vipi. "Ti-ta-TAAA" inasema mahali pa uzito, mahali pa wepesi na mahali pa kukawia. Watu wazima huona haya kidogo siku ya kwanza, kisha utawasikia wakijitamkia wenyewe njiani.

Chagua pia maneno yanayoelekeza akili nje ya mwili. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Gabriele Wulf na watafiti wengine wamejaribu jambo hili katika michezo mingi, na matokeo yanafanana: mtu anayefikiria athari ya mwondoko hujifunza vizuri kuliko anayefikiria kiungo chake. Badala ya "nyoosha goti", sema "isukume sakafu iende mbali nawe". Badala ya "inua kifua", sema "waonyeshe watu wa nyuma maandishi ya fulana yako". Badala ya "kaza mguu unapotua", sema "tua usisikike". Hilo la mwisho limeniokolea miruko mingi kuliko yote, kwa sababu mwanafunzi anajisahihisha kwa masikio yake, nami nimesimama.

Kiganja ni kifaa kilichosahaulika. Kinaweza kuwa unyayo: kisigino cha kiganja ni kisigino, vidole ni vidole. Viganja viwili juu ya meza vinaonyesha hatua ngumu ya miguu kwa ukamilifu wa kushangaza.

Hatua ya 5: Waache wanafunzi waonyeshe

Gawa darasa mara mbili, nusu wacheze, nusu watazame wakiwa na swali moja la kujibu: "Nani anatua kimya?" Hapo umepata dakika tano za kupumua na wao wamejifunza kutazama. Ukitaka mtu mmoja aonyeshe, mwombe kwanza kwa faragha, wala usimchague yule yule kila siku, atachukiwa. Mimi hupenda kumchagua aliyekuwa akikosea jana na amepata leo. Wenzake humwona na kusema, kumbe inawezekana.

Video inasaidia kwa darasa linalorudia mpangilio ule ule. Jirekodi mara moja, ukiwa umepasha mwili, kwa mbele na kwa mgongo. Angalia tu kamera ya mbele ya simu: nyingine hugeuza picha kulia kushoto, na utakuta darasa zima limejifunza upande usio wako.

Hatua ya 6: Sakafu, viatu, sauti, masikio

Sakafu kwanza. Kutua kutoka kwenye mruko huupitishia mguu uzito wa mwili mara kadhaa, na saruji hairudishi chochote. Kama huna sakafu ya mbao inayonepa, punguza miruko kwa wote, si kwako tu. Kigae juu ya saruji ni saruji. Kuhusu viatu sina mengi: kisichoteleza sana, kisichonata sana, na kikiisha soli kitupe.

Sauti huharibika kimyakimya. Ngoma ikilia sana hupasuka, na koo la mwalimu ndivyo lilivyo. Zima muziki unapoeleza, usishindane nao. Weka ishara za kuliita darasa: kupiga makofi, kuinua mkono. Kwa darasa kubwa tafuta kipaza sauti cha kuvaa kichwani. Kunywa maji kidogo kidogo, si chupa nzima mwishoni. Sauti ikikwama, nyamaza; usinong'one, maana kunong'ona kwa nguvu nako huzikaza nyuzi za sauti. Ukwaru unaozidi wiki tatu unahitaji daktari wa koo.

Masikio je? Kikomo kinachotumika sana kwa wafanyakazi ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwa desibeli 94 unabaki na saa moja. Zipo programu za simu zinazokadiria. Hazina uhakika kamili, lakini zinatosha kukushtua.

Hatua ya 7: Jenga mwili nje ya darasa

Kufundisha si mazoezi. Najua inaonekana kama ni mazoezi, lakini ni kazi inayorudia misuli ile ile na kuiacha mingine. Mara mbili kwa wiki, dakika 25, fanya haya: kuinua visigino ukisimama kwa vidole, seti tatu za kumi na tano kwa goti lililonyooka na nyingine kwa goti lililokunjwa, kukaa na kusimama kwa mguu mmoja kutoka kwenye kiti, kuinua nyonga ukiwa umelala chali, na kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa mnyoofu. Anza na upande dhaifu.

Kwa kano ya kisigino iliyokwisha kuuma, mpango unaojulikana sana ni ule aliouchapisha daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, na wenzake mwaka 1998: kusimama ukingoni mwa ngazi, kuinuka juu ya vidole kwa mguu usiouma, kisha kushuka polepole kwa mguu mgonjwa, seti tatu za kumi na tano, goti likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, wiki 12. Ni kazi ya kuchosha. Mimi ilinichukua zaidi ya hapo, kwa sababu wiki ya nne nilijiona nimepona nikaruka. Nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia akupimie kabla ya kuanza.

Ratiba nayo ni sehemu ya mwili. Usipange vipindi viwili vya miruko kufuatana. Baada ya likizo rudi kwa nusu ya maonyesho kwa wiki mbili, maana wanafunzi watakuwa na hamu na wewe utakuwa mlegevu. Na lala. Sijui dawa ya misuli inayoushinda usingizi.

Hatua ya 8: Zisome aina za maumivu

Misuli inayouma kila mahali siku moja hadi tatu baada ya kazi mpya, kisha ikaachia, haina neno. Kano inayokakamaa asubuhi na kulegea ukitembea inakuonya: punguza miruko wiki hii, si mwezi ujao. Maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, yanayozidi kwa kuruka na kukuamsha usiku, simamisha miruko na upimwe, huenda mfupa umepata ufa. Ganzi inayoshuka mguuni pamoja na kushindwa kuzuia mkojo ni dharura, nenda hospitali papo hapo.

Ukisikia kama umepigwa teke nyuma ya kisigino na hakuna mtu nyuma yako, kano imekatika au imechanika. Hospitali siku hiyo hiyo, hata kama bado unaweza kuchechemea. Ukiteguka kifundo na huwezi kutembea hatua nne, au mfupa wa kifundo unauma ukiubonyeza kwa nyuma, omba picha ya eksirei.

Barafu nayo? Ushauri wa kupumzika, barafu, kubana na kuinua ulienezwa na daktari Gabe Mirkin mwaka 1978, na baadaye yeye mwenyewe akaandika kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Itumie kutuliza maumivu ya siku ya kwanza ukitaka. Kinachoponya kano na misuli ni kurudi kwenye mzigo kidogo kidogo.

Hatua ya 9: Siku ya kiti

Itakuja siku utakapolazimika kufundisha bila kucheza. Ifanyie mazoezi kabla haijaja: mara moja kwa mwezi fundisha kipindi kizima ukiwa kwenye kiti. Merce Cunningham, mchezaji na mtunzi wa dansi wa Marekani aliyeteswa na viungo kwa miaka mingi, aliendelea kufundisha kampuni yake akiwa kwenye kiti cha magurudumu akikaribia miaka 90.

Weka kiti kwenye pembe ya mbele, si katikati, kwa sababu kutoka pembeni unaona magoti na migongo inavyopinda. Mteue mwonyeshaji siku moja kabla, mpe mpangilio kwa video. Andaa silabi za kila sehemu na maelekezo mawili ya kuipeleka akili nje ya mwili kwa kila mwondoko mzito. Waambie darasa mwanzoni: leo sitasimama, nitawatazama kuliko siku zote. Kisha kalia mikono yako ukiona inataka kukuinua. Katika kipindi changu cha kwanza cha kiti nilisimama mara sita. Mwanafunzi wa daftari alizihesabu zote.